Makapi Kwenye Ukuta wa Bwana Twalib

Ndugu zangu mlioko Mombasa,

Leo nimeadhirika. Sikusingiziwa, sikuonewa. Nimejiadhiri kwa mikono yangu miwili, mchana, mbele ya wageni, nikiwa juu ya ngazi.

Nawaandikia sasa hivi, Maghrib imekwisha na Isha haijaadhiniwa, ili barua hii iwahi chombo cha kesho asubuhi. Nataka mlisikie kutoka kwangu kabla hamjalisikia kwa wengine. Wengine wataongeza. Na kisa chenyewe, mtaona, hakina haja ya kuongezwa.

Mnakikumbuka kiwanja kilicho mbele ya mlango wetu, pale ilipoanguka nyumba ya babu yangu. Ukikivuka unaikuta ndia, ile ambayo punda wawili hawapishani mpaka mmoja arudi nyuma, na ng'ambo ya ndia ni nyumba ya Bwana Twalib, muuza samli. Kiwanjani humo Somoe, mke wangu, ana asumini zake. Miti kumi na minne. Ni yake, msidhani ni yangu. Mimi fundi wa saa. Kwenye asumini nimeruhusiwa kuchota maji tu.

Sasa, binti wa Bwana Twalib anaolewa na kijana wa Kizingitini. Siku ilikuwa bado haijakatwa, lakini sote tulijua itakuwa kabla ya masika. Na maua ya harusi yote, ya kichwani, ya kitandani, na vikuba, vile vishada vya kubana kifuani, vya wanawake waalikwa, Somoe aliahidi yatatoka kwake. Hakuahidi kwa kunong'ona. Aliahidi mbele ya wanawake wa mtaa mzima, tena akakataa wengine wasimsaidie.

Halafu likaja jua hili. Kaskazi imekwisha, mvua haijaja, na kisima chetu kimeshuka. Ukimwaga maji asubuhi, adhuhuri udongo unakutazama kama hujapata kuujia. Machipukizi yakaanza kujikunja. Somoe akaanza kusimama dirishani hasemi kitu. Wenye wake mnajua kwamba hapo ndipo mume hutakiwa afanye jambo.

Bwana Shamba, afisa wa kilimo anayetupitia mara moja kwa msimu, aliwahi kutuambia dawa yake. Udongo ufunikwe. Tandika kitu chini ya mti, kimo cha vidole vitatu, jua lisiuguse udongo na maji yasipotee. Yeye huita matandazo. Alipokwisha kusema hayo akapanda mashua akaenda zake. Hakusema tutandaze nini. (Ndivyo walivyo. Wanakupa shauri, kisha wanaondoka na nusu yake.)

Basi wiki iliyopita nikaanza kuchagua. Ningejua, ningelala.

Kila aliyepita ndiani alikuwa na lake. Mmoja akasema makumbi ya nazi. Nikayatandaza chini ya miti miwili, na usiku ule ule panya wakahamia. Mwingine akasema makuti ya zamani, yale yanayoshushwa paani. Nikaleta mzigo mmoja, nikaufungua, wakatoka nge wawili, mkubwa na mdogo, nadhani mama na mwanawe. Nikayarudisha makuti na watu wake. Wa tatu akasema samadi ya punda, maana hiyo katika mji wetu haiadimiki. Hilo nilimpelekea Somoe.

"Bi harusi wa watu avae maua yaliyolala na mavi ya punda?" akaniuliza.

"Maua yako juu, samadi iko chini."

"Hata. Niseme mimi?"

"Sema."

"Mwani. Uokotwe pwani, uoshwe na maji ya kisima mara tatu, chumvi itoke, uanikwe, ndipo utandikwe. Mamangu ndivyo alivyofanya, na asumini zake zilifika darini."

Nikamwambia mwani unanuka.

"Utanuka siku mbili."

Nikamwambia sitaki kunuka hata saa mbili. Mimi ni mtu wa saa, ndugu zangu. Kazi yangu yote ni kupiga vita vumbi. Punje moja ya uchafu ndani ya saa, na mtu anachelewa sala. Nilitaka kitu safi, kikavu, kisicho na harufu wala wadudu. Nikakipata kwa Bi Esha, yule anayetwangisha mpunga. Nyuma ya nyumba yake pana rundo la makapi ya mpunga kubwa kuliko nyumba yenyewe. Manjano, makavu, hayanuki kitu. Nikayachota kwa viganja viwili, nikayapima.

"Na ni mepesi," nikamwambia Bi Esha. Nilisema kwa kusifu. Kwa mdomo wangu huu.

Akanitazama, akasema, "Chukua yote, Bwana Lali. Mimi yananiudhi." Ningemuuliza yanamuudhi kwa nini, barua hii isingeandikwa. Sikuuliza.

Leo asubuhi nikaleta magunia matatu juu ya punda wa Bi Esha. Nilipofika ndiani kwetu nikamkuta fundi wa chokaa juu ya ngazi, anaupaka ukuta wa mbele wa Bwana Twalib mkono wa pili. Ukuta mrefu ule, kutoka barazani mpaka ukingo wa dari. Weupe wake ulikuwa unaumiza macho. Bwana Twalib mwenyewe kasimama chini, mikono nyuma.

Huyu Bwana Twalib nimekaa naye jirani miaka ishirini. Ni mtu wa maneno machache na hasemi uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mgonjwa. Ukimuuliza samli ya leo ikoje, na ikiwa mbaya, atakwambia nenda kwa mwingine.

"Mashallah," nikamwambia. "Ukuta umependeza."

"Wakwe wanakuja leo baada ya Alasiri," akasema. "Wanakuja kukata siku. Babu wa kijana atakuwa nao, na nasikia ni mtu wa kutazama."

"Na mimi leo naziwekea asumini matandazo, mwanao apate maua."

Akayatazama magunia. "Nini hicho?"

"Makapi."

Akautazama ukuta wake, akasema, "Haya." Katika miaka ishirini hilo ndilo neno lake la onyo, na mimi nalijua, na sikulisikia.

Nikaswali Adhuhuri, nikala, nikaanza kazi. Fundi wa chokaa alikuwa amekwisha kushuka, amekaa kivulini na kikombe cha kahawa, ngazi yake bado imeegemezwa ukutani. Nikamwaga gunia la kwanza. Nikayasawazisha makapi kwa kiganja, nikatoa rula yangu ya dukani, nikapima kimo. Vidole vitatu kamili. Mti wa pili, vidole vitatu. Mti wa tatu nikaona umezidi kidogo, nikapunguza. (Najua. Mwenye akili hupima dhahabu, mimi nilikuwa napima maganda.)

Somoe akatokea dirishani.

"Umeyarowesha?"

"Nitayarowesha nikimaliza."

"Yaroweshe kila umwagapo. Mwaga kidogo, rowesha. Mwaga kidogo, rowesha."

"Somoe, kazi ina utaratibu wake."

"Na upepo?"

"Upepo upi?"

Nikatia kidole mdomoni, nikakiinua juu mbele yake kama nahodha. Kweli hapakuwa na upepo. Hata jani halikutikisika. Lakini huu ni wakati wa tanga mbili, wakati upepo mmoja umekwisha kuaga na mwingine hujui umefika wapi, na mtu aliyezaliwa Lamu hana udhuru wa kulisahau hilo. Somoe akaondoka dirishani akaingia jikoni uani, kukaanga vitumbua alivyomwahidi mke wa Bwana Twalib kwa ajili ya wageni.

Nikamaliza magunia yote matatu. Nikarudi nyuma hatua tano nikakitazama kiwanja. Ndugu zangu, kilipendeza. Kilikuwa kama kimetandikwa jamvi jipya, na miti kumi na minne imesimama juu yake kwa adabu. Nikasema moyoni, Bwana Shamba akirudi nitamwita aje ajifunze. Kisha nikaingia ndani kuchota maji.

Nilikuwa nimekwisha kuvuta ndoo ya kwanza, nakamata kamba kuvuta ya pili, nikasikia sauti. Ilikuwa kama mtu anamimina mchele kwenye sinia. Mchele mwingi, na haishi kumimina.

Nikatoka mbio.

Makapi yalikuwa yamesimama. Sijui niwaelezeje. Yalikuwa yamesimama katikati ya kiwanja kama mtu, marefu kuliko mimi, yanazunguka. Ule upepo mdogo wa kuzunguka, mnaujua, ule unaotokea popote na kuondoka bila salamu. Nikavua kanzu, nikajitupa nayo juu ya mti wa karibu, nikafanikiwa kuokoa makapi ya mti mmoja. Ya miti kumi na mitatu yaliniangalia nilivyolala pale, yakavuka ndia.

Machache yalipita juu ya paa. Mengi hayakuwa na haja ya kufika mbali. Chokaa mbichi haikatai kitu.

Niliponyanyuka, nikiwa na kikoi na fulana, mdomo umejaa makapi, ukuta wa Bwana Twalib ulikuwa umeota manyoya. Kutoka barazani mpaka darini. Mmepata kumwona kifaranga saa ile anapotoka ndani ya yai, bado hajakauka? Ndivyo ulivyokuwa.

Upepo ukatulia. Bila shaka. Ulikuwa umemaliza kazi yake.

Fundi wa chokaa akaweka kikombe chini. Akautazama ukuta, akanitazama mimi, akautazama ukuta tena.

"Bwana Lali," akasema, "haya ni yako?"

Mlango ulifunguka, akatoka Bwana Twalib.

"Bwana Lali."

"Naam."

"Nini hiki?"

"Makapi ya mpunga."

"Nayaona. Yanafanya nini hapa?"

"Ni matandazo," nikasema. Ndilo lililonijia.

"Ya ukuta?"

Akatazama jua limefika wapi, akasema taratibu, "Wageni baada ya Alasiri," akaingia ndani, akaufunga mlango polepole. Laiti angeubamiza.

Nikachukua fagio. Fundi akaniwahi, "Usisugue," lakini nilikuwa nimekwisha kusugua. Palipopita fagio makapi yalizama, na chokaa ikavurugika ikaacha michirizi ya rangi ya uji wa mtama.

"Ukisugua unayazika," akasema fundi. "Haya sasa hutolewa moja moja, au hupakwa upya."

"Basi paka upya."

"Chokaa imekwisha. Iliyoko tanuuni haijapoa, labda kesho kutwa."

Moja moja. Nikaenda dukani nikaleta kibano changu cha saa, kile kidogo cha kushikia vipande visivyoshikika. Nikapanda ngazi. Nikashika kapi la kwanza kwenye ncha yake, nikavuta, likatoka, na alama yake ikabaki ndogo kama tundu la sindano. Nikafurahi kama niliyeokolewa. Nikavuta la pili. La tatu. Nilifanya hivyo mpaka shingo ikakakamaa. Nilipotazama kazi yangu nilikuwa nimesafisha mahali pa ukubwa wa sinia la kahawa. Palipobaki palikuwa pa ukubwa wa ukuta.

Fundi alikuwa chini ananihesabia kwa kunicheka bila sauti, mabega tu yanatikisika.

Na wageni hawakungoja Alasiri. Upepo uliokuwa nyuma yao ulikuwa mzuri, wakafika mapema. Nikawasikia wakiisifu safari yao. Wameletwa na upepo mzuri, walisema, na mimi niko juu ya ngazi nina manyoya masikioni kwa upepo huo huo.

Waliingia ndiani wanaume wanne wa kanzu nyeupe, na mbele yao mzee mfupi mwenye fimbo. Huyo ndiye babu wa bwana harusi, Bwana Kombo, yule mtu wa kutazama. Na kweli, salamu hazijaisha akawa anatazama. Jua la mchana lilikuwa limeanza kuegemea, linapiga ukuta ubavuni, na kila kapi limewaka kama kipande cha shaba. Bwana Kombo akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Akapapasa kwa kiganja.

"Bwana Twalib," akasema, "kazi hii ni ya nani?"

Bwana Twalib alikuwa amesimama mlangoni, uso wake kama sanduku lililofungwa. Nikamwona anatafuta jibu lisilo uongo. Akalipata.

"Ya jirani yangu, Bwana Lali," akasema. "Yule aliye juu ya ngazi. Mkono wake peke yake."

Wanne wote wakaniangalia. Mimi na fulana yangu.

"Na hicho ulichoshika nini, Bwana Lali?" akaniuliza mzee.

"Kibano, Bwana."

"Unayashughulikia kwa kibano?"

"Moja moja."

Hapo palikuwa pa kusimama. Nilikuwa sijasema uongo hata mmoja. Lakini mzee akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema, "Subhanallah, moja moja," na wenzake wakasogea kutazama, na mmoja akasema kule kwao hajapata kuona nakshi ya namna hii, na mimi, ndugu zangu, sijui kilichoniingia. Nilikuwa nimechoka, nimeaibika, na ghafla watu wa heshima wananitazama kama fundi. Nikafungua mdomo.

"Siri yake ni chokaa," nikasema. "Lazima iwe mbichi, lakini si mbichi sana."

"Kumbe."

"Na makapi lazima yachaguliwe. Si kila kapi."

"Hilo naliamini," akasema mzee. "Na hapa palipo wazi?" Akanyoosha fimbo kwenye lile sinia nililosafisha.

"Hapo bado sijayatia," nikasema.

"Na michirizi hii?"

"Hiyo ni ya kupumzisha macho."

Nikamwona Bwana Twalib anafumba macho. Nadhani alikuwa anasoma dua moyoni. Fundi wa chokaa alikuwa amegeukia upande wa pili, ameuma ncha ya kilemba chake.

"Na inachukua muda gani ukuta kama huu?" akauliza mzee.

"Inategemea," nikasema. "Kazi kama hii haitaki haraka."

Ndipo lilipofunguka dirisha la nyumba yangu. Somoe alikuwa uani muda wote huo na mafuta yake na moshi wake. Nadhani aliwahi kuchungulia mara moja nilipopanda ngazi, lakini wageni hakuwaona, maana baraza la Bwana Twalib limewafunika kwa upande ule. Alichoona ni mumewe juu ya ngazi. Akaita, na sauti ya Somoe mnaijua:

"Lali! Hujesha kuyabandua makapi yako tu? Wakwe wa watu wako ndiani waja, na hiyo nyumba umeitia upele!"

Ndia yote ikageuka. Hata punda wa Bi Esha, aliyekuwa anasubiri magunia yake matupu, nadhani aligeuka.

Sikugeuka. Niliutazama ukuta. Nilikuwa karibu nao sana, na nikaona kapi moja mbele ya jicho langu, nikalishika kwa kibano, nikalivuta, nikalitia mfukoni. Sijui kwa nini. Mkono ulitaka kazi.

Nilipogeuka, mzee Bwana Kombo alikuwa ameinamia fimbo yake, mabega yanatikisika. Nikadhani ameugua. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Bwana Lali," akasema, "shuka, mwanangu, usije ukaanguka ukazidisha aibu. Mamangu alikuwa akitwanga mpunga na mimi niko mgongoni mwake. Kapi nimelijua kabla ya kujua jina langu. Nimeliona tangu kona ile."

"Tangu kona ile?"

"Kona ile. Na tanga mbili naijua. Nilikuwa nangoja tu kuona utafika wapi."

Yaani alijua. Alijua tangu swali la kwanza. Ile "Subhanallah" yote, na lile "kumbe", na mimi nimesimama juu namweleza mtu huyo habari ya kuchagua makapi na kupumzisha macho.

Na Bwana Twalib akacheka. Naapa. Nimekaa naye miaka ishirini, leo ndiyo nimeyaona meno yake. Alicheka mpaka akashika kizingiti, na wageni wakacheka, na fundi, aliyekuwa anasubiri ruhusa kwa muda mrefu, akakaa chini kabisa. Somoe naye, alipowasikia wanaume wengi wanacheka, alilifunga dirisha kwa kasi ambayo sijapata kuiona.

Wakaniingiza ndani kwa nguvu. Nikapewa kanzu ya kuazima, ya Bwana Twalib, nayo inanifika magotini maana yeye ni mfupi. Hivyo ndivyo nilivyokaa kwenye mazungumzo ya harusi. Yalikwenda vizuri, wanasema yalikwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa, maana mzee alikuwa amechangamka na hakukataa jambo. Vitumbua vililiwa vyote. Siku ikakatwa, wiki tatu kutoka Ijumaa hii. Fatiha ikasomwa. Nikaanza kupumua.

Kisha mzee akainua mkono. "Nina ombi moja," akasema.

"Sema, Bwana Kombo," akasema Bwana Twalib. "Lolote."

"Ukuta ule usiguswe mpaka harusi ipite. Nakuja na watu wengi, wake kwa waume. Nataka wote wauone, na nataka wamwone fundi."

Nikamtazama Bwana Twalib. Mtu asiyesema uongo na asiyevunja ahadi. Alikuwa amekwisha kusema lolote.

"Hautaguswa," akasema.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Somoe kiwanjani. Alikuwa ameteremsha kutoka darini mafungu ya mwani, mkavu, mweusi, safi, hauna harufu hata chembe. Ameuosha mara tatu na kuuanika wiki iliyopita, siku ile ile niliyomwambia unanuka.

"Ulikuwa umeuweka?" nikamuuliza.

"Nilikuwa namngoja mume wangu amalize kujua," akasema. "Lete maji."

Akatandika mwani chini ya miti yote kumi na minne, kwa jicho tu, bila rula. Juu yake akaweka vipande vya makuti alivyovipukuta kimoja kimoja. Mimi nikamwaga maji kila nilipoamriwa. Ilipokaribia Maghrib nikatia kidole chini ya mwani. Udongo ulikuwa baridi na unyevu. Sikumwambia, lakini aliniona nikitia kidole.

Ndizo habari za leo. Asumini zitapona, harusi ipo, jirani hajanihama. Mimi ndiye niliyebaki ukutani.

Nanyi mmealikwa, Bwana Twalib amenisisitiza niwaandikie. Njooni. Ila nawaombeni kwa urafiki wetu wote, mkifika mjini msipite mbele ya nyumba yake. Ndia ya nyuma ipo, ni fupi, ina kivuli, na kuta zake zote ni chafu za kawaida.